Matufaha ya tabaka yamekushinda? Anza kwa kuitazama shira

Matufaha ya tabaka, yaani vipande vyembamba vya tufaha vilivyopangwa juu ya karameli na kuokwa polepole, yakiharibika, lawama ya kwanza huiangukia oveni. Mara nyingi oveni haina kosa. Kesi ni ya maji. Karibu asilimia 85 ya tufaha ni maji, na upishi huu wote ni kazi ya kuyatoa maji hayo polepole: yashuke, yakutane na karameli, yapungue, yawe shira nzito ya kuyashika matabaka. Yakitoka kwa fujo, tunda linavurugika. Yakikosa pa kutokea, unapata supu. Yakiisha mapema, sukari inaungua. Kwa hiyo kabla hujabadilisha chochote, inamisha chombo kidogo utazame kinachojikusanya pembeni.

Vipimo ninavyotumia mimi ni hivi, tusije tukapishana huko mbele. Matufaha kilo 1 na nusu, yamenywe na kukatwa vipande vyembamba vya milimita 2 hadi 3. Sukari gramu 150 ya karameli, na vijiko 3 vingine vya kunyunyiza katikati. Siagi gramu 50, iyeyushwe. Ganda la machungwa mawili, likwaruzwe ile rangi ya juu tu. Ndimu moja, chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Sufuria ya kuokea keki yenye upana wa sentimita 20, isiyoachana kitako, maana shira itavujia ovenini usiku kucha ujute. Karameli chini, vipande juu yake tabaka kwa tabaka, kila tabaka lipate siagi, sukari kidogo na ganda la chungwa. Funika kwa foili, oka kwa nyuzi 150 muda wa saa 2, toa foili, endelea saa 1 na nusu. Kisha kandamiza, acha ipoe mpaka asubuhi. Asili yake ni jikoni mwa Wafaransa, ni ndugu wa tarte Tatin, ile pai ya matufaha ya kupinduliwa ya mji wa Lamotte-Beuvron, ila hapa hakuna unga wowote. Tunda limejishikilia lenyewe, na ndiyo maana kila kosa linaonekana.

Imetoka na maji mengi, tena imepauka

Shira nyingi, nyepesi, rangi ya maji ya miwa: maji yametoka ila hayakupata nafasi ya kupungua. Uliza foili kwanza. Ilikaa mpaka mwisho? Basi mvuke wote ulirudi chini. Jibu ni kuirudisha ovenini bila kifuniko, nyuzi 150 zilezile, dakika 40 kwanza ndipo uangalie tena. Usiongeze moto ili uwahi. Juu patakauka na chini patabaki na supu yake.

Kama foili ilitolewa kwa wakati na bado kuna maji, angalia chombo. Sufuria nyembamba yenye kimo kirefu haina uso wa kutosha wa kutolea mvuke. Kilo 1 na nusu kwenye chombo cha sentimita 15 itakusumbua tu hata ukiomba dua. Unaweza pia kuimimina shira kwenye kisufuria kingine, uichemshe pembeni mpaka inate kwenye kijiko, uirudishe juu ya matufaha. Njia hii naipenda kuliko ya kurudisha ovenini, kwa sababu tunda halipikwi zaidi ya haja yake.

Sababu ya tatu watu hawaifikirii: juisi ya chungwa. Mapishi mengi yanataka ganda, mtu anaona hasara kulitupa chungwa lenyewe, anakamulia humo. Machungwa mawili ni karibu robo tatu ya kikombe cha maji ya ziada. Ukitaka ladha ya juisi, ichemshe peke yake mpaka ibaki vijiko 2, ndipo uimimine kwenye karameli.

Imekuwa rojo

Mdogo wangu mmoja wa Chuno, hapa Mtwara mjini, aliniandikia: "Dada shikamoo, mbona yangu imekuwa chakula cha mtoto?" Nikamjibu, "Marahaba. Shira ilikuwaje?" Akasema nyingi, nzito-nzito, ina chembechembe. "Na epo zenyewe?" "Zile nyekundu za kwenye ndoo, muuzaji alikuwa anauza bei ya kutupa."

Jibu limo humo. Matufaha mengi tunayoyapata sokoni huku kusini yametoka Afrika Kusini, yamekaa kwenye baridi muda mrefu kabla hayajaiona Mtwara, halafu yakakaa juani kwenye meza. Kwa nje yanang'aa, maana yamepakwa nta. Ndani yamekuwa ya unga: chembe za tunda zimeachiana, hazishikani tena. Ukiliuma halivunjiki kwa mlio, linabomoka. Tufaha la namna hiyo halitengenezeki kwa oveni yoyote. Lipikie jemu.

Nunua moja kwanza, liume palepale mbele ya muuzaji. Lile la kijani lenye ugwadu, Granny Smith, ndilo linalostahimili moto mrefu bila kupoteza umbo. Mimi huchanganya theluthi mbili za kijani na theluthi moja ya jekundu lililo gumu, la kijani lishike umbo na jekundu litoe harufu. Ya Njombe nayo yakibahatika kushuka kwa njia ya Songea na Tunduru ni mazuri mno, mradi hayajabonyea. Matofaa yetu ya pwani, yale mekundu yenye umbo la kengele, usiyajaribu hapa. Ni maji matupu.

Kama tunda lilikuwa zima na bado rojo imetokea, basi ni moto. Kuna oveni za bei nafuu zinazosema 150 huku ndani joto limezidi hapo. Huna kipimajoto? Tumia sukari. Weka kijiko kimoja cha sukari nyeupe juu ya foili, washa oveni nyuzi 175, ikishapata moto vizuri iingize kwa dakika 15. Sukari huyeyuka karibu na nyuzi 186, kwa hiyo hapo inatakiwa ibaki kavu. Ikiyeyuka, oveni yako inazidisha, nawe ushushe namba kwa nyuzi 15 au 20 kila unapopika.

Muda wa saa 5 ndani, bado gumu

Hili huwachanganya hata waokaji wazoefu, kwa sababu akili inasema muda mrefu lazima ulainishe. Si lazima. Ndani ya tunda kuna pektini, gundi inayoshika chembe pamoja. Tunda likikaa muda mrefu kati ya nyuzi 55 na 70, kimeng'enya kilichomo humo kinaibadilisha ile pektini, inashikana na madini ya kalisi, inakuwa imara kuliko mwanzo. Baada ya hapo hata ukipandisha moto, tunda linalainika kwa shida.

Kwa hiyo anayeanza na moto mdogo mno kwa kuogopa kuunguza ndiye anayepata vipande vya kutafuna. Wa jiko la mkaa hukutwa na hili zaidi, wanaposubiri mkaa ushike taratibu huku sufuria tayari iko juu. Oveni au jiko liwe limepata moto kamili kabla ya chombo kuingia. Upole wa upishi huu unaanza baada ya tunda kupita hapo.

Sababu nyingine ni ndimu. Asidi huchelewesha pektini kuyeyuka. Ndimu moja kwa kilo 1 na nusu inatosha kuzuia vipande visigeuke kahawia wakati unaendelea kukata. Aliyekamua ndimu nne asilaumu tunda. Shira yake utaijua: ni safi, haina uzito, na ukiilamba inakaza taya.

Ni chungu

Hapa usikimbilie kuongeza sukari. Onja kidogo, usimeze, usikilize uchungu unaanzia wapi.

Ukija mara moja, pamoja na harufu ya moshi, ni karameli iliyopitiliza. Sukari iliyokwisha kuyeyushwa kwa maji huanza kugeuka karameli karibu na nyuzi 160 hadi 170. Ikivuka 190 inaelekea kwenye mkaa. Shida yetu ni kwamba sukari ya kawaida ya madukani ina rangi ya kahawia tangu iko kwenye mfuko, kwa hiyo ukiipima kwa macho ndani ya sufuria nyeusi utadanganyika. Chovya ncha ya kijiko, dondosha tone kwenye sahani nyeupe. Unataka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Tazama na povu: mwanzo mapovu ni makubwa na yana kelele, baadaye yanakuwa madogo na kelele inapungua, kisha uzi mwembamba wa moshi unainuka ukingoni. Moshi huo ukiuona, sufuria iwe imeshatoka jikoni, kwa sababu chuma chenyewe kinaendelea kupika. Iliyoungua haiponi. Mwaga, anza upya. Gramu 150 za sukari si hasara kuliko kilo nzima ya matufaha.

Uchungu ukichelewa, ukaja umeshameza na kukaa nyuma ya ulimi, huo ni wa chungwa. Umekwaruza mpaka kwenye ule utando mweupe. Machungwa yetu yanabaki na ganda la kijani hata yakiiva, kwa sababu usiku wa pwani hauna baridi ya kuiondoa hiyo rangi, na mtu anayesubiri kuona njano huzidi kukwaruza. Pitisha kikwaruzo mara moja tu kila mahali. Danzi linafaa pia, na mimi nalipenda kuliko chungwa tamu, ila nusu danzi linatosha kwa chombo kizima. Ganda la ndimu liache. Ni kali mno kwa upishi wa saa nyingi.

Uchungu uliokwisha kuingia hupungua kidogo kwa chumvi. Si utani: chembe chache juu ya kipande, kabla ya kula, hufanya kazi kuliko asali.

Karameli imeganda, au imerudi kuwa sukari

Ni mambo mawili tofauti. Ikiganda ghafla ikawa kioo kigumu baada ya kumimina siagi au juisi, ni baridi tu imeishtua. Irudishe kwenye moto mdogo, itayeyuka. Hata ukiwa umeshaimimina kwenye chombo ikagandia huko, iache. Maji ya tunda yataiyeyusha ovenini.

Ikiwa imejaa chembe nyeupe, imekuwa mchanga-mchanga, hapo umeikoroga. Chembe moja ya sukari iliyobaki ukingoni ikidondokea ndani huita nyingine zote. Ongeza maji nusu kikombe, chemsha mpaka chembe zote ziyeyuke, kisha usiguse mwiko tena, zungusha sufuria kwa mkono. Matone machache ya ndimu mwanzoni husaidia, kwa sababu asidi huigawa sukari na kuizuia isijipange upya.

Chini imeungua, juu haijaiva

Karibu wote wenye tatizo hili wanatumia mkaa. Shira hakuna kabisa, au kuna utepe mweusi ulioganda kwenye kitako.

Anayejua kupika mkate wa kumimina anajua tayari la kufanya: moto mwingi uwe juu, wa chini uwe wa kupashia. Palia makaa kwenye mfuniko, chini bakisha machache yaliyozungushwa pembeni, katikati pawe patupu. Chombo kisikae moja kwa moja juu ya kitako cha sufuria kubwa. Weka mchanga kimo cha sentimita 3, juu yake kigae au mafiga madogo ya mawe, ndipo chombo. Mchanga wa ufukweni uoshe kwa maji baridi na uukaushe vizuri kwanza, la sivyo unatoa mvuke wake na kuharibu hesabu yote.

Vifuu vya nazi viache kwa kuanzishia tu. Vina moto mkali unaokwisha upesi, na upishi huu unataka kinyume chake. Makumbi yanadumu lakini yana moshi, na mfuniko usiobana vizuri utakupa matufaha yenye harufu ya samaki wa kukaushwa. Ongeza makaa mawili matatu yaliyokwisha kushika kila baada ya nusu saa. Usiongeze mkaa mbichi mweusi.

Umeme umekatika katikati

Swali la kujiuliza ni umekatika lini. Kama ni ndani ya saa ya mwisho, usifungue mlango wa oveni. Joto lililobaki litaendelea kupika kwa muda, na tunda limeshalainika, halina la kupoteza. Ukirudi, malizia dakika zilizobaki.

Kama ni saa ya kwanza, usisubiri. Tunda ambalo moto haujalifika vizuri linaweza kukaa palepale kati ya nyuzi 70 na 55, nawe utarudi kwenye tatizo la ugumu. Hamishia kwenye sufuria ya mchanga juu ya mkaa au gesi, moto uwe tayari.

Matabaka yanateleza, au chombo kimekataa kuachia

Uliikata ikiwa ya moto. Pektini na sukari na asidi hushikana zikipoa, hazishikani kabla. Kisu kikiingia mapema, tabaka la juu litasafiri peke yake.

Ikiwa ilipoa na bado inateleza, haikukandamizwa. Ikitoka tu ovenini weka sahani inayoingia ndani ya chombo, juu yake kilo 2 za mchele zikiwa kwenye mfuko. Baada ya saa moja unaweza kuondoa. Tegemea kimo kushuka karibu nusu, usishtuke. Vipande vya unene tofauti pia huleta hili, kile kinene kinabaki mbao na chembamba kimeyeyuka. Kisu kikali na subira vinatosha.

Ikigoma kutoka, karameli ya chini imekaza kwa baridi. Kitako cha chombo kwenye maji ya moto nusu dakika, kisu kizungushwe pembeni, sahani juu, geuza kwa mara moja bila woga.

Inatoa jasho, ina povu

Sukari hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Mtwara au Lindi mjini ina unyevu wa kugawa. Karameli ya kuvunjika kwa juu itakuwa gundi ndani ya saa chache, kwa hiyo ukiitaka, imimine dakika za mwisho kabla ya kupeleka mezani. Korosho nazo vivyo hivyo: zikaange, zinyunyize wakati wa kula. Zikiingia ovenini na tunda zinalainika, na korosho laini ni dhuluma kwa mkulima.

Ikishapoa, iwekwe kwenye friji. Nje, kwa joto letu, isivuke siku. Shira ikianza kutoa viputo vidogo bila moto, na ukifunua unakutana na harufu ya uraka, ile pombe ya mabibo, imechacha. Kuichemsha upya hakuirudishi ladha.

Na mabibo, je?

Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba hivi, mabibo yanalala chini ya mikorosho kutoka Tandahimba mpaka Nachingwea, na swali hili halikosi. Inawezekana, ila si kwa kubadilisha tu tunda. Bibo lina ukakasi unaokaba koo, na moto wa oveni peke yake hauumalizi. Ng'oa korosho kwanza bila kukata ganda lake, maana mafuta yake huunguza ngozi. Kata vipande, vichemshe dakika 4 hadi 5 kwenye maji yenye gramu 20 za chumvi kwa lita, mwaga maji hayo, suuza, kamua taratibu kwa kiganja.

Bibo halina pektini ya kutosha kujishika lenyewe, kwa hiyo weka tabaka moja la bibo kwa kila matabaka matatu ya tufaha la kijani. Tumia yaliyookotwa asubuhi ileile. La jana limeshaanza kuchacha. Punguza sukari ya katikati iwe kijiko 1, na ganda la chungwa liwe la tunda moja, kwa sababu bibo lina harufu yake na haipendi kusemewa.